Mohandas Gandhi: Kutoka Mtihani wa Uwakili hadi Kizimbani

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeona niwaletee maisha ya mtu ambaye jina lake si geni kwetu, yaani Mohandas Karamchand Gandhi wa Bara Hindi. Najua wengi wenu mtasema, aa, huyo tumemsoma katika Historia, yule mzee mwembamba wa shuka nyeupe na bakora. Ni kweli. Lakini vitabu vya darasani hupita mbio mahali aliposomea uwakili, na mimi naona hapo ndipo penye funzo kubwa kwetu sisi tunaokesha kwa ajili ya mitihani. Gandhi alipita mtihani wa uwakili kule London vizuri kabisa. Halafu alipopewa kesi ya kwanza akashindwa hata kufungua kinywa. Hebu tuone ilikuwaje, na ni wapi alipojifunza kile ambacho mtihani haukumfundisha.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Sheria ina pande mbili. Upande mmoja hutuambia lipi ni kosa na lipi si kosa. Upande wa pili hutuambia mambo yaende vipi baada ya mtu kushikwa: nani anaruhusiwa kumkamata, akae korokoroni muda gani, asomewe mashtaka vipi, mashahidi waulizwe na nani kwanza, dhamana itolewe lini na rufani ikatwe wapi. Upande huu wa pili ndio utaratibu wa kesi, na kwa makosa kama wizi na mauaji huitwa utaratibu wa kesi za jinai. Yeyote anayetaka kuwa wakili siku hizi sharti ausome na autahiniwe. Si somo tamu kama hadithi. Ni vifungu juu ya vifungu. Lakini sheria bila utaratibu ni kama gari bila magurudumu, limependeza lakini haliendi popote.

KUZALIWA NA MASOMO YA KWANZA

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya Gujarat, magharibi mwa Bara Hindi. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa utawala mdogo wa mahali hapo. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa dini aliyefunga mara nyingi na kushika ahadi zake hata akiwa mgonjwa. Kijana mwenyewe hakuwa mwerevu wa kupigiwa mfano. Alikuwa mwenye haya nyingi, na shule ikifungwa jioni alikimbia moja kwa moja nyumbani asije akazungumzishwa na mtu. Kufuatana na desturi za kwao aliozwa akiwa na miaka 13 tu, akamwoa Kasturba, msichana wa umri kama wake.

Baba yake alifariki mwaka wa 1885. Miaka miwili baadaye Gandhi alipita mtihani wa mwisho wa shule, akaenda chuo kimoja cha mji wa Bhavnagar. Masomo yalimlemea, na baada ya muhula mmoja akarudi nyumbani. Hapo rafiki mmoja wa jamaa akatoa shauri kwamba kijana apelekwe Uingereza akasomee uwakili. Alisema ni masomo ya miaka mitatu tu na hayana ugumu, na akirudi atakuwa mtu mkubwa kama marehemu babake.

Shauri hilo lilizua mambo. Mama aliogopa kwamba mwanawe atapotelea ugenini. Gandhi akaapa mbele ya mtawa kwamba hatagusa pombe, nyama wala wanawake, ndipo mama akamruhusu. Wazee wa ukoo wao nao wakasema kuvuka bahari ni kuivunja dini. Alipokataa kuwasikiliza wakamtenga, wakatangaza kwamba yeyote atakayemsindikiza bandarini atatozwa faini. Kaka yake mkubwa alitafuta pesa za safari. Tarehe 4 Septemba 1888, Gandhi akiwa bado na miaka 18, meli iling'oa nanga Bombay, mji unaoitwa Mumbai hivi leo.

MTIHANI WA LONDON

Alipofika London alijiandikisha katika chama cha mawakili kiitwacho Inner Temple. Sasa sikilizeni maajabu. Ili mtu awe wakili wakati ule alitakiwa kufanya mambo mawili. La kwanza ni kufanya mtihani. La pili ni kula! Naam, kula chakula cha jioni. Masomo yalikuwa na mihula 12, na kila muhula mwanafunzi alipaswa kuhudhuria chakula cha jioni pale chamani angalau mara sita. Asiyehudhuria, hata akiwa na akili kama mchwa, hapati uwakili. Zamani huko karamu hizo zilikuwa na maana, kwa sababu wanafunzi walikaa na mawakili wakubwa wakasikia namna wanavyojadiliana. Siku za Gandhi maana hiyo ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni sahani na glasi. Kila wanafunzi wanne walipewa chupa mbili za mvinyo. Kwa vile Gandhi hakunywa, kila meza ilimtaka akae nao ili chupa mbili zigawanywe kwa watu watatu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa sheria za Kirumi na sheria za Kiingereza. Wanafunzi wengi walinunua vijitabu vya muhtasari, wakakariri wiki chache na wakapita. Gandhi alikataa njia hiyo. Aliona kwamba kutosoma vitabu vyenyewe ni kujidanganya. Basi akanunua vitabu vinene kwa pesa nyingi, akasoma sheria za Kirumi kwa Kilatini, lugha ambayo ilikuwa imemwangusha mara ya kwanza alipofanya mtihani mwingine wa kuingia chuo kikuu. Sheria za Kiingereza zilimchukua miezi tisa hivi. Maisha yake nayo yalikuwa ya kubana. Mwanzoni alijaribu kuwa bwana mkubwa kwa suti, masomo ya dansi na fidla, lakini baada ya miezi kama mitatu akaona hizo ni anasa za bure. Akahamia chumba kimoja, akawa anajipikia uji asubuhi, anaandika kila senti aliyotumia na anatembea kwa miguu maili nyingi ili asilipe nauli. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaokanyaga vumbi asubuhi na jioni tunaelewa hayo.

Tarehe 10 Juni 1891 alitangazwa kuwa wakili. Tarehe 11 jina lake likaandikwa katika Mahakama Kuu. Tarehe 12 akapanda meli kurudi kwao. Haraka hiyo yote kumbe ilificha hofu kubwa. Alijua mambo ya ardhi ya Waingereza na ya watumwa wa Roma, lakini sheria za Kihindu na za Kiislamu zilizotumika kwao hakuzijua. Hata kuandika hati ya madai hakujua. Hakuna aliyemfundisha mtu anasimama vipi mbele ya hakimu.

KESI YA KWANZA

Alipofika Bombay alipata habari kwamba mama yake amefariki. Kaka yake alikuwa amemficha ili asipate pigo hilo akiwa ugenini. Alilia kimoyomoyo, kisha akaanza kutafuta kazi. Alianza kujisomea sheria za nchi yake. Kitabu cha utaratibu wa kesi za madai kilimshinda kabisa, kila ukurasa ulimchosha. Sheria ya Ushahidi ya mwaka wa 1872 ndiyo iliyomvutia kidogo. Kila siku alienda Mahakama Kuu kutazama kesi, lakini mara nyingi hakufuata yanayosemwa akasinzia kitini. Anasimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwamba hakuona haya sana, kwani aligundua mawakili wengine nao walikuwa wakisinzia.

Hatimaye akapata kesi ya mama mmoja aliyeitwa Mamibai, katika mahakama ya madai madogo. Aliambiwa ampe chochote dalali aliyeleta kesi hiyo, akakataa katakata, na kwa bahati kesi akapewa hata hivyo. Ada yake ilikuwa rupia 30. Upande wake ulikuwa wa kujitetea, kwa hivyo kazi yake ilikuwa kuwahoji mashahidi wa mlalamishi. Akasimama. Moyo ukamwenda mbio, kichwa kikazunguka, mahakama nzima ikawa kama inazunguka naye. Hakuna swali hata moja lililomjia. Akakaa chini, akamwambia aliyemleta kwamba hawezi, amtafute wakili mwingine na arudishiwe pesa zake. Kisha akatoka mle ndani haraka.

Wenzangu, tulitafakari hili. Huyu hakuwa mzembe. Hakuiba mtihani wala hakukariri vijitabu. Alisoma hadi mwisho wa kila kitabu. Lakini kuhoji shahidi ni kazi ya mikono, kama kushona nguo au kuendesha mtumbwi. Utaratibu wa mahakama haukai kichwani mpaka umeufanya. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Gandhi wa siku ile alikuwa bado hajaundwa.

Alijaribu kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza kwa mshahara wa rupia 75 kwa mwezi, akanyimwa kwa sababu hakuwa na digrii. Baada ya miezi kama sita akafunga ofisi akarudi Rajkot, mji alikokulia. Huko alikaa akiandikia watu maombi na barua za mahakamani. Mapato yalikuwa afadhali, ila kusimama mbele ya hakimu bado hakuweza.

SAFARI YA AFRIKA

Ndipo mwaka wa 1893 kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla, iliyokuwa Afrika Kusini, ikamtaka akasaidie katika kesi yao kwa mwaka mmoja. Malipo yalikuwa pauni 105 pamoja na nauli. Wala hakuitwa kama wakili mkubwa. Kazi ilikuwa kuwasaidia mawakili wao kuelewa barua na vitabu vya hesabu vilivyoandikwa Kigujarati. Akakubali.

Wengi hatujui kwamba katika safari hiyo alipita kwetu. Baada ya siku kama 13 baharini meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Gandhi alishuka kuutazama mji, akaonana na makarani wa Kihindi katika posta, akaongea nao na kujaribu kujua desturi za wenyeji. Nahodha alikuwa amemwonya kwamba maji ya bandari ile ni ya hatari na asichelewe. Aliporudi, mkondo ulikuwa mkali na mashua imejaa watu hata haikuweza kuikaribia ngazi ya meli. King'ora kimeshalia! Rafiki mmoja melini alikodi mashua nyingine kwa rupia 10 ikamchukua, lakini ngazi ilikuwa imekwisha kupandishwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Wengine waliachwa. Kutoka Lamu walipita Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku kadhaa akingoja meli nyingine. Basi fikirini, kama ile kamba ya Lamu ingekatika!

Alifika Durban mwishoni mwa Mei 1893. Tarehe 7 Juni alitupwa nje ya gari moshi katika stesheni ya Pietermaritzburg, usiku wa baridi kali, kwa sababu alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza na ngozi isiyo nyeupe. Kisa hicho tumekisoma wote. Mimi nataka twende hadi Pretoria, mahali kesi ilipokuwa.

Kesi ya Dada Abdulla ilikuwa ya pauni 40,000 dhidi ya jamaa yake, Tyeb Sheth. Ilijaa hesabu za biashara, na Gandhi hakujua hata deni huandikwa upande gani wa kitabu. Alinunua kitabu cha uwekaji hesabu akajifunza. Akapitia karatasi zote moja moja, akawauliza wahusika, akawasikiliza mawakili wakubwa wakipanga hoja. Hapo ndipo macho yalipomfunguka. Alitambua kwamba ukishika ukweli wa mambo yalivyotokea, sheria yenyewe itakuja upande wako. Pia aliona kwamba kesi ile ikiendelea itawafilisi wote wawili, na mawakili ndio watakaonenepa. Akawashawishi wakubali kupatanishwa na mwamuzi. Dada Abdulla alishinda, kisha Gandhi akamwomba amruhusu Tyeb Sheth kulipa polepole ili asiaibike. Haya hayakuwa katika mtihani wa London.

MWANAFUNZI WA UTARATIBU

Mkataba wake wa mwaka mmoja ulipokwisha Wahindi wa Natal walimwomba abaki. Mwaka wa 1894 aliomba kuandikishwa kama wakili wa Mahakama ya Juu ya Natal. Chama cha mawakili Wazungu kilipinga, lakini majaji wakamkubali.

Hakupita muda mrefu ofisini mwake akaingia mtu mmoja, nguo zimechanika, meno mawili ya mbele yamevunjika na mdomo unatoka damu. Jina lake lilikuwa Balasundaram, kibarua wa mkataba kutoka Kusini mwa Bara Hindi. Mwajiri wake alikuwa amempiga. Shida ni kwamba sheria ya wakati ule ilisema kibarua wa mkataba akimwacha tajiri wake bila ruhusa, yeye ndiye mwenye kosa la jinai na anaweza kufungwa jela.

Tazameni sasa Gandhi alivyokuwa amebadilika tangu ile siku ya Mamibai. Hakupiga kelele wala kwenda kugombana na tajiri. Kwanza alimpeleka mgonjwa kwa daktari, akapata cheti cha majeraha. Pili, akaandika hati ya kiapo ya yale yaliyotokea. Tatu, siku hiyo hiyo akampeleka mtu wake kwa hakimu kabla damu haijakauka. Hakimu aliposoma alikasirika, akatoa hati ya kumwita mwajiri mahakamani. Ushahidi, kiapo, hati ya mwito. Hatua tatu tu, kila moja mahali pake. Mwishowe Gandhi hakutaka hata mwajiri afungwe. Alitaka kibarua ahamishiwe kwa tajiri mwingine, na ikawa hivyo. Habari zilienea, vibarua wakajua kuna mtu wa kuwasikiliza.

Miaka ikapita, naye akawa wakili mwenye jina na mapato mazuri huko Johannesburg. Lakini ikatungwa sheria ya kuwataka Wahindi wa Transvaal wajiandikishe na kutoa alama za vidole kama wahalifu. Gandhi akaongoza watu kukataa. Tarehe 10 Januari 1908 alisimama kizimbani katika mahakama ile ile aliyozoea kusimama kama wakili. Alikubali kosa na akaomba apewe adhabu kali zaidi. Alifungwa miezi miwili, ingawa alitolewa kabla ya mwezi kwisha.

KUKUBALI KOSA KAMA SILAHA

Hapa ndipo masomo ya utaratibu yalipozaa matunda ambayo hakuna mwalimu aliyeyategemea. Gandhi alirudi Bara Hindi mwaka wa 1915. Mwaka wa 1917 alikwenda wilaya ya Champaran, katika jimbo la Bihar, kuchunguza malalamiko ya wakulima. Walikuwa wakilazimishwa na mabwana shamba Wazungu kupanda nili, mmea wa rangi ya buluu, kwenye sehemu tatu kati ya 20 za kila shamba. Hakimu wa wilaya akampa amri ya kuondoka kwa kutumia kifungu cha 144 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai. Kifungu hicho kilimruhusu hakimu kumkataza mtu jambo fulani kwa hofu ya fujo. Gandhi akajibu kwa barua kwamba haondoki.

Tarehe 18 Aprili 1917 akaitwa mahakamani katika mji wa Motihari. Wakulima walifurika hata polisi wakazidiwa. Mwakilishi wa serikali alitaka kesi iahirishwe. Gandhi akasimama akapinga, akasema hakuna haja kwa sababu yeye anakubali kosa.

Mbona hilo liliwatikisa? Hebu fikirini. Mshtakiwa akikana, serikali huleta mashahidi, miezi hupita na watu husahau. Akikubali, mashahidi hawahitajiki. Kinachobaki ni hukumu tu, na hakimu lazima aseme hadharani kwamba anamfunga mtu kwa kosa la kuwasikiliza maskini. Hakimu wa Motihari hakuwa tayari kwa hilo. Aliiahirisha hukumu, na kabla ya siku kufika amri ikatoka juu kwamba mashtaka yaondolewe. Uchunguzi ukaendelea, na mwaka wa 1918 sheria mpya ikaufuta mtindo ule wa kulimisha nili kwa nguvu. Yule aliyeshindwa na swali moja la kumuuliza shahidi sasa aliishinda serikali bila kumuuliza shahidi yeyote.

Mara nyingine hakupona. Tarehe 18 Machi 1922 alishtakiwa mjini Ahmedabad kwa makala tatu za gazeti zilizodaiwa kuchochea chuki dhidi ya serikali, chini ya kifungu cha 124A cha kanuni ya adhabu. Alikubali tena. Kiongozi wa mashtaka alitaka kesi isikizwe yote hata hivyo. Jaji Broomfield alikataa, akasema kukiri kumetosha na kilichobaki ni adhabu. Kesi yote ilikwisha siku hiyo hiyo. Jaji alimhukumu miaka sita huku akimpa heshima kubwa, na inasemekana mahakamani watu walilia. Gandhi alitoka mwaka wa 1924 baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Kwa sababu ya kifungo hicho, mwezi wa Novemba 1922 chama cha Inner Temple kililifuta jina lake katika orodha ya mawakili. Zile karamu zote, vile vitabu vya Kilatini, uji wa chumba kimoja, vyote vikafutwa kwa mstari wa kalamu. Jina lake lilirudishwa mwaka wa 1988, miaka 40 baada ya kifo chake.

TUSIMFANYE MALAIKA

Si haki kumsifu mtu hadi tukaficha madoa yake. Katika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini, Gandhi aliwatetea Wahindi peke yao, na aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika weusi. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka wa 2018. Mimi naona tunaweza kujifunza kwa mtu bila kumwabudu. Njia zake za kudai haki baadaye zilifuatwa na watu weusi wenyewe, huko Afrika Kusini na Marekani, wakazitumia vizuri.

MWISHO WAKE

Tarehe 30 Januari 1948, miezi michache baada ya nchi yake kupata uhuru, Gandhi alipigwa risasi mjini Delhi akienda kusali. Muuaji, Nathuram Godse, alikamatwa pale pale mbele ya umati. Hakuna aliyekuwa na shaka. Watu wengine wangesema, wa nini huyo kupelekwa mahakamani, si auawe tu? Lakini walishtakiwa watu wanane, wakapewa mawakili, mashahidi wakahojiwa miezi mingi, na hukumu ikatolewa Februari 1949. Mmoja aliachiliwa. Waliobaki walikata rufani, na wengine wawili wakaachiliwa huko. Godse alijitetea mwenyewe mbele ya majaji wa rufani. Yeye na mwenzake mmoja walinyongwa Novemba 1949, ingawa wana wawili wa Gandhi waliomba wasinyongwe.

Hebu tuwatazame hao watatu walioachiliwa. Kama umati ungetoa hukumu siku ya mauaji, wangekufa wote wanane. Basi hiyo ndiyo kazi ya utaratibu. Unachosha, una vifungu vingi, humfanya mwanafunzi asinzie kitini, lakini ndio unaosimama katikati ya mtu na hasira za watu.

NA SISI JE?

Mambo haya si ya mbali. Waingereza walipoanza kututawala walileta hapa sheria za Bara Hindi, ikiwemo ile ya utaratibu wa kesi za jinai, na zilitumika hadi sheria za Kenya zenyewe zilipotungwa mwaka wa 1930. Ile Sheria ya Ushahidi ya 1872 iliyomvutia Gandhi akiwa kijana ilitumika katika mahakama zetu hadi mwaka wa 1963. Wahindi wa Afrika Mashariki nao walichanga pesa za kumkumbuka, zikasaidia kujenga chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Leo anayetaka kuwa wakili nchini hupitia Kenya School of Law, na uendeshaji wa kesi za jinai ni mojawapo ya masomo yake. Lakini hata sisi ambao hatutakuwa mawakili tunapaswa kujua machache. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 49, inasema anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na kwa kawaida afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Ni wangapi mitaani kwetu wanayajua haya? Kijana akishikwa katika msako wa usiku, nani nyumbani anajua aanzie wapi? Wengi hukimbilia kutafuta pesa za kutoa chini ya meza, wasijue kwamba sheria imekwisha kuwapa ufunguo.

Kwa hivyo wenzangu, mtihani tuufanye na tuupite, hilo halina mjadala. Lakini tukitoka chumba cha mtihani tujiulize, je, ninayoyajua nikipewa mtu aliyevunjwa meno mlangoni mwangu, nitamsaidia? Gandhi alichukua miaka mitatu kupata cheti na miaka mingine mitatu kupata jibu la swali hilo. Elimu ni bahari, na aliyepewa cheti amefika ufuoni tu.